Koti la Kafa Ulaya

Bisha. Naanza na wewe kabisa, wewe uliyekunja nne hapo na cheti chako ukutani. Bisha mapema tumalizane. Mimi Basili niliacha shule darasa la sita, kwa hiari yangu, walimu wakashukuru, na leo hakuna mtu Kiboriloni nzima anayeuza nguo kunizidi. Nilishamuuzia mzee wa kanisa blauzi ya mwanamke, akaivaa Pasaka na akapongezwa. Kwa hiyo kudanganya najua, sikatai. Lakini hii siyo ile kazi. Hii nimeisimulia mpaka nimeichoka, na kila nikiisimulia anatokea mjuaji mmoja anasema, "Basili, acha fiksi." Haya. Panda Old Moshi, ulizia kwa mama Eunike, mwombe akuonyeshe miguu ya mwanawe. Miguu tu. Halafu urudi ubishe.

Mwana mwenyewe anaitwa Elifuraha. Alianza mlimani kama vijana wengi wa huku, akiwa mgumu, ndivyo wanavyoitwa wabeba mizigo wa Kilimanjaro, begi la mtu kichwani na lake mgongoni. Baadaye akapata leseni ya kuongoza watalii. Mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayeomba radhi kwa kosa la jirani. Mwanzoni mwa mwaka 1997 alimwongoza mama mmoja wa Uskochi, mjane, jina lake Morag. Huyu hakuja kutafuta kilele. Miaka sita nyuma mumewe, mzee Dugald, alipotea kwenye ukungu akishuka kutoka kambi ya Horombo. Alisimama nyuma ya wenzake kidogo tu, afunge kamba ya kiatu. Walimtafuta siku nne, Elifuraha akiwemo, wasipate hata kofia. Sasa mjane alitaka kuweka kijibao chenye jina la mumewe kwenye jiwe, basi. Wakakiweka. Kurudi, hewa ya juu ikamshinda yule mama, na Elifuraha akamshusha mgongoni mpaka kambi ya chini, Mandara, akimwimbia tenzi za Kilutheri njia nzima ili asisinzie.

Mwezi wa saba barua ikaja. Mama Morag anamwalika kwake Edinburgh, wiki tatu, mwezi wa kumi na moja. Tiketi analipa yeye.

Edinburgh. Ina herufi nyingi kuliko inavyotamkwa, kama nyumba ya tajiri yenye vyumba visivyolalwa na mtu. Sema "Edinbra" yatosha. Ndani ya bahasha mlikuwa na ramani ya mji na kalenda yenye picha ya ngome ya zamani juu ya jabali jeusi. Elifuraha akaibandika ramani ukutani kwa uji mzito. Kila asubuhi, kabla ya kukata majani ya ng'ombe, alisimama mbele yake na kidole. Hiki ni kituo cha treni, kiko chini bondeni. Hili daraja. Huu mtaa mkongwe unaoshuka kutoka ngomeni. Hivi ni vichochoro vya ngazi. Hapa, ghorofa ya juu, kwa mama Morag.

Usimcheke. Miaka kumi na moja alikuwa anawapeleka watu wengine kwenye safari ya maisha yao. Anawasukuma mpaka juu, wanalia kwa furaha, wanapiga picha, wanaondoka. Hii ilikuwa yake. Alishapata pasipoti, barua ya mchungaji, picha mbili ambazo ametoa macho kama mtuhumiwa. Kilibaki kitu kimoja, baridi.

Akaja kwangu Jumamosi, mwezi wa tisa, jua linazama, tunafunga biashara. Wanawake walikuwa wanafunika nyanya. Mimi nilikuwa nafunga marobota.

"Basili, una koti la kuvaa Ulaya?"

"Ulaya ipi? Mwisho wako wewe si Himo?"

"Nasema kweli, bwana."

"Mangi anaenda Ulaya," nikawatangazia majirani. "Msimkopeshe kitu, harudi."

Akacheka kidogo. Nikainama, nikalivuta koti moja kutoka chini kabisa ya meza. Sufu nzito, rangi ya majani makavu, vifungo vya pembe, bitana ya hariri iliyochakaa kwenye makwapa. Likanukia mvua. Siku hiyo hapakuwa na mvua.

"Hili ni robota gani?" akauliza.

"La jana. Hii ni kafa Ulaya halisi."

Vijana wa siku hizi mnasema mitumba. Zamani tuliita kafa Ulaya, kwa maana ya kwamba aliyezivaa amekwisha kufia huko, ndugu wakazitoa nguo zake, zikafungwa, zikaja. Wazee walikuwa wanazifua mara tatu kabla ya kuzivaa.

"Mwenyewe kafa kweli?"

"Angekuwa hai angekuwa amelivaa."

Akalijaribu. Lilimkaa kama lilishonwa juu yake. Elifuraha akalipia, akaanza kupandisha kwao, koti likiwa mwilini, maana njia ya Old Moshi ikishaingia migombani ina baridi saa ile.

Sasa sikiliza.

Alipopita daraja la mfereji alisikia nyayo nyuma yake. Hakujali, ni njia ya watu. Akageuka ili asalimie.

Hapakuwa na mtu.

Akaendelea. Nyayo zikaendelea. Nzito, za viatu vya kupandia mlima, hizo anazijua kama sauti ya mama yake. Halafu akasikia pumzi. Na hapo ndipo mgongo wake ulipoanza kuwaka, kwa sababu pumzi ile aliijua pia. Kifua kinachochemka kama uji unaotaka kumwagika. Kila anayefanya kazi mlimani anaijua. Ni mtu aliyepigwa na hewa ya juu, mapafu yake yamejaa maji, na usipomteremsha haraka unambeba maiti. Lakini huo ni ugonjwa wa kule kwenye mawe. Hauwezi kumpata mtu migombani, chini, karibu na Kiboriloni.

Akasimama.

Pumzi ikasimama.

Kisha sikioni, karibu kabisa, kwa ulimi wa kizungu, kwa upole wa mtu aliyechoka mno...

"Pole... pole."

Maneno mawili tunayomfundisha kila mgeni geti la kupandia. Elifuraha hakukimbia. Alitembea mpaka nyumbani pole pole, kama alivyoambiwa, na yule wa nyuma akimfuata mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?" mama Eunike akauliza kutoka jikoni.

"Niko peke yangu."

"Basi mwambie huyo uliye peke yako naye afute viatu."

Kuanzia siku hiyo, jua likizama tu, usingizi unamkamata Elifuraha popote alipo. Siyo usingizi wa kulala. Anakaa kwenye stuli, macho yanafumba, na anatembea. Siku ya kwanza alikuwa kwenye ukungu, majani marefu ya mlimani yakimlowesha magoti. Siku ya tatu udongo uliisha, akawa anakanyaga mawe yaliyochongwa na watu. Siku ya tano akasikia treni. Ya saba alikuwa juu ya daraja, mji mweusi umepanda pande zote mbili, madirisha yana taa, na hewa yote inanuka kimea, kimea kile kile cha mbege, kana kwamba mji mzima unapika pombe ya arusi. Anakata kona bila kuuliza. Anaingia kichochoro. Anapanda ngazi. Anahesabu.

Anaamka kama mtu aliyeteremka kutoka kileleni bila kupumzika. Misuli imekaza kama kamba. Visigino vimepasuka. Akilitundika koti kwenye zizi, ni vile vile. Akimpa jirani akae nalo, ni vile vile.

Mama yake aliniambia alichokuwa anakiona yeye. Aliniambia kwa kunong'ona, akichambua maharage, bila kuinua macho.

"Mwili umekaa kwenye stuli. Kichwa kimelala. Lakini miguu, Basili... miguu inapanda ngazi. Hapa, sakafuni kwangu. Mmoja baada ya mwingine."

"Unafanyaje, mama?"

"Namwita. Nikimwita kwa jina anarudi." Akatupa harage moja bovu. "Nimechoka kumwita."

Elifuraha akajifariji kwamba ni ramani imemwingia kichwani. Akamwandikia mama Morag kwa majivuno kidogo, na nani asingejivuna. Nimejifunza mji wako, aliandika. Nitatoka kituoni bila kuuliza mtu. Ngazi za kwako ni sitini na nane. Mlango ni wa kijani, na kitasa chake hakifunguki mpaka ukinyanyue kwanza.

Jibu likaja katikati ya mwezi wa kumi, mvua za El Nino zimeshaanza kubomoa barabara. Lilikuwa fupi. Alinisomea mwenyewe, akinitafsiria, tumesimama chini ya turubai langu.

"Elifuraha. Habari ya kitasa sikukuambia. Kimelegea tangu tulipooana. Watu wawili tu tulijua kukifungua, na mwenzangu yuko kwenye mlima wenu. Wiki hii mara tatu, alasiri, kimenyanyuliwa kwa nje. Nimefungua. Hapana mtu ngazini. Kuna harufu ya moshi wa kuni na ndizi mbivu."

Alasiri yao ni magharibi yetu. Hata mimi wa darasa la sita niliweza kupiga hesabu hiyo.

"Endelea," nikamwambia.

"Dugald alikuwa na koti la sufu lenye vifungo vya pembe. Cha pili kutoka juu nilikishona mimi kwa uzi wa bluu, maana mweusi uliniishia. Nguo zake nyingi niliwapa watu wa kanisa baada ya msiba, nilikuwa nimechoka kuziona. Sikumbuki kama koti lilikuwemo. Njoo upesi."

Elifuraha alikuwa amelivaa. Wote wawili tukatazama kifuani kwake.

Kifungo cha pili. Uzi wa bluu.

Mvua ilipiga turubai. Mimi nikaanza kukunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

"Basili," alisema hatimaye. "Hili koti kweli lilitoka kwenye robota?"

"Si unaona mwenyewe mama wa watu kasema aligawa nguo?"

"Naona."

"Basi. Zikafungwa kule, zikafunguliwa hapa. Kafa Ulaya."

Akaamini. Na ukitazama, ilikuwa inaaminika. Akaniambia ameshaelewa la kufanya. Kwetu Uchagani hilo halina mjadala: mtu wako akifia Mwanza, akifia Mbeya, unamleta azikwe kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, hata kama mvua imechukua madaraja. Mzee Dugald alitaka kwao. Alikuwa anatumia miguu ya Elifuraha kwa sababu yake imekwisha. Sasa Elifuraha atalipeleka koti kwa ndege, kama mtu, mchana kweupe. Atanyanyua kitasa kwa mkono wake mwenyewe, atamkabidhi mjane koti la mumewe. Mzee atapumzika, na yeye Elifuraha atapata wiki zake tatu za kutazama ngome. Alisema hivyo akitabasamu. Macho yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu aliyelazwa.

Mama Eunike hakufurahi, ila alimfungia kahawa ya kupeleka. "Nenda," alisema. "Kama miguu itanyamaza hapa sebuleni, nenda."

Akapanda basi kwenda Dar, kwenye mahojiano ya viza. Safari ya siku moja, mvua ikaifanya siku mbili. Alilala, akatembea, abiria mwenzake akamwamsha mara mbili kwa kuwa anampiga teke. Ofisini alikaa foleni mpaka saa kumi alasiri, nje mawingu yamefanya giza kama jua limekuchwa. Wakamwita dirishani.

Yule mama wa dirishani alikuwa mstaarabu, anasema Elifuraha. Aliuliza kwa Kiingereza cha taratibu.

"Umewahi kufika Uingereza?"

"Hapana, mama."

"Ukifika Edinburgh, utaendaje kwa mwenyeji wako?"

Hilo ndilo swali alilokuwa amejiandalia tangu mwezi wa saba. Akafungua mdomo. Akahisi macho yanazama...

Anachokumbuka ni ngazi.

Alipozinduka, yule mama alikuwa ameacha kuandika. Anamtazama. Kijana wa dirisha la pili naye anamtazama. Elifuraha alikuwa anaongea bado, akasikia mkia wa sauti yake mwenyewe ukiisha, na haikuwa yake. Kiingereza cha kukwaruza, cha mzee, "r" zinaviringika kama mawe kwenye mto. Alikuwa anamweleza duka la mikate lililokuwa pembeni mwa kile kichochoro, jina la mwenye duka, na jinsi mke wa huyo mwenye duka alivyofariki.

"Bwana," yule mama alisema polepole, "uliishi pale miaka mingapi?"

Karatasi ya kunyimwa aliirudisha Moshi ndani ya Biblia. Nimeiona. Nilimwomba anisomee ule mstari mara mbili. Ilisema kwamba ofisi haikuridhika kuwa mwombaji ndiye mtu anayedai kuwa.

Tangu hapo ramani imebaki ukutani, unyevu wa El Nino umeivimbisha. Tiketi ilipita siku yake. Mlimani hawezi kwenda, kundi la mwisho alilolipeleka walimwacha Mandara amekaa kwenye benchi, miguu inatembea. Anashinda nyumbani. Anakata majani kidogo, anakaa. Mama Eunike ana miaka sabini na mbili. Jua likizama anavuta kiti mbele ya mwanawe, anamsubiri afike mlangoni, halafu anamwita. Kila jioni. Ana wasiwasi wa kitu kimoja tu duniani, kwamba siku moja usingizi utamchukua yeye kwanza.

Mwezi uliopita ulimchukua. Kidogo tu, anasema, kama kufumba na kufumbua.

Aliposhtuka, miguu ya Elifuraha ilikuwa imetulia. Imesimama bapa sakafuni, pamoja, kama ya mtu aliyefika. Mabega yake yalikuwa na vitone vya mvua. Alimwita. Hakuitika. Alimwita kwa jina la ubatizo, akamwita kwa jina la ukoo, akampiga kofi ambalo hajawahi kumpiga tangu azaliwe. Ndipo akafumbua macho. Mikono yake ilikuwa baridi kama jembe la asubuhi.

"Amefungua," alinong'ona.

"Nani, mwanangu?"

"Mama Morag. Amefungua mlango. Amelitazama koti... amelia, amelikumbatia." Akayatazama mabega yake. "Mimi hakuniona, mama. Mimi nilikuwa simo."

Baada ya siku tatu akashuka mpaka kwangu, akishikilia uzio njia nzima, koti amelibeba mkononi. Alikaa juu ya robota. Ilibidi nimpe chai mdomoni.

"Basili," alisema, "sina nguvu za kukasirika. Nijibu tu. Kama koti hili lilitoka kule, sina njia, wamenifungia. Lakini kama lilitoka mlimani, kama kuna mtu aliliokota mahali, niambie mahali. Nitajikokota. Nitalilaza pale mzee alipo, nitamwambia alale na nguo yake, apumzike. Naye ataniacha. Lilitoka kwenye robota?"

"Kwani nimeshawahi kukudanganya?"

"Kila siku."

"Basi leo sikudanganyi. Robota, kaka."

Akaitikia kwa kichwa. Alichukua muda kusimama. Nilimtazama akipandisha, hatua moja, anapumzika, hatua moja, mpaka migomba ikamfunika, na jua lilikuwa limebaki kidogo sana.

Hapo ndipo huwa naishia. Watu wananiambia acha fiksi, nacheka, tunaagiza mbege nyingine. Lakini leo nimechoka, na wewe umesikiliza mpaka hapa bila kubisha.

Sikuzaliwa muuza nguo. Mwaka 1991 nilikuwa mgumu, safari yangu ya kwanza, na kundi lilikuwa lile la mzee Dugald. Nilichelewa nyuma kwa ajili ya haja, chini ya Horombo, kushoto kwa njia, penye kijito na jiwe lililopasuka katikati. Ukungu ulikuwa mzito. Koti lilikuwa limetandazwa juu ya jiwe, vizuri, kama mtu kalianika. Sikujua wakati ule kwamba baridi ikimzidi mtu huwa anaona joto na kuvua nguo. Nilijua tu ni koti zuri na sina koti. Walipoanza kumtafuta, siku zote nne, walitafuta upande wa kulia, na mimi nilikuwa nalo ndani ya gunia la mkaa, na sikusema. Nililificha miaka sita. Nililiuza kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuchoka miguu.

Hilo naweza kulisema. Nimelisema sasa.

Lingine ni kwamba pale kwenye jiwe nililivaa papo hapo, nikaliingiza mikono, nikafunga vifungo. Nikasimama kidogo nikisikia raha yake. Halafu nikateremka haraka, bila kuita, bila kugeuka.

Bitana ilikuwa bado ina joto la mtu.